Ati Daktari Hakosi Kazi!

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia kurasa za mafumbo na vichekesho (najua ndizo unazozitafuta), nipe dakika chache tu. Nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo nimelisikia tangu nikiwa darasa la nne, na wewe bila shaka umelisikia pia: "Soma udaktari, mwanangu. Daktari hakosi kazi."

Kwetu nyumbani neno hili ni la ami. Yeye ni mvuvi wa kamba, na jioni akishaswali magharibi hukaa barazani na kutueleza dunia ilivyo. Mwalimu ana uhamisho, asema ami, mwenye duka ana madeni, mvuvi ana kusi, lakini daktari hana adui, manake watu hawaachi kuugua. Mwaka jana nilipopata A katika Bayolojia akaenda mbali zaidi. Alisema mbele ya baba na bibi kwamba nikifaulu mtihani wa kidato cha nne, watauza mashine ya mashua, ile ya nguvu za farasi 40, ili nianze chuo. Wasomaji wa bara huenda wasielewe ni jambo kubwa kiasi gani. Kwetu mashine ya mashua ndiyo shamba, ndiyo ng'ombe, ndiyo benki.

Kila mtu alifurahi. Mimi sikulala. Nililala chali nikihesabu makuti ya paa huku najiuliza: je, wakiuza mashine, nami nikasoma miaka yote hiyo, kisha nikarudi na cheti nisipate kazi, ami atakwenda baharini na nini? Na kasia?

Basi nikaanza kuuliza. Niliwauliza walimu, nikasoma magazeti yanayotufikia yakiwa yameshachacha, nikaazima simu ya kaka yangu pale mtandao unaposhika, na nikamuuliza mtu mmoja aliyepita njia hiyo hiyo. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Sisi tumechanganya vitu viwili. Tunadhani penye haja ya daktari pana kazi ya daktari. La hasha! Haja ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine, na baina yake pana bahari pana kuliko ile ya kutoka hapa hadi Lamu.

Nianze na haja, kwa sababu hiyo tunayo tele. Kiunga ni mji wa mwisho wa pwani ya Kenya upande wa kaskazini, yapata kilomita 15 kutoka mpaka wa Somalia. Hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, iko Lamu mjini. Iliyo karibu nasi kidogo ni ya Faza, katika kisiwa cha Pate. Kwenda huko ni boti, na boti ni petroli, na petroli ni pesa. Barabara ipo, ile inayopita msitu wa Boni mpaka Hindi, lakini tangu jeshi la Kenya liingie Somalia mwezi wa Oktoba 2011, njia ile imetegwa mabomu mara nyingi na watu wamekufa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya Linda Boni. Zahanati za vijiji vya Waboni kama Milimani na Basuba zilifungwa baada ya mashambulizi ya 2014, zikakaa miaka milango yake imefungwa. Mtu wa Basuba akiumwa na jino au na nyoka, shida ni ile ile: aende wapi?

Sasa niwaeleze juu ya bibi yangu. Bibi ana presha, ana sukari, na ana goti. (Yeye mwenyewe husema goti ndilo ugonjwa, hayo mengine ni maneno ya watu.) Msimu mmoja wa kusi, usiku, pumzi zilianza kumpaa. Muuguzi alikuja mbio, akafanya yote aliyoweza, akasema huyu apelekwe mbele. Bahari imechafuka, nahodha akakataa kutoka mpaka alfajiri, na mimi simlaumu. Alfajiri tukaondoka. Tulikuwa wanne tumeshika turubai juu ya bibi ili maji yasimpige, na kila wimbi lilipotupandisha nilimsikia akisoma shahada. Tulifika.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wa bara. Akatuomba dawa zote anazotumia mgonjwa. Mama akamimina mfuko wa plastiki juu ya kitanda. Zilikuwa dawa kutoka sehemu tatu tofauti, ambazo sitazitaja, na kila sehemu ilimpa bibi dawa bila kujua wenziwe wamempa nini. Daktari akazipanga kama mtu anayepanga karata. Kisha akachukua vikopo viwili akatuonyesha: ilikuwa dawa moja yenye majina mawili. Bibi alikuwa akimeza maradufu kwa miezi. Yule kijana hakugomba. Alisema tu, "Mama huyu angekuwa na daktari mmoja anayemjua, msingekuja na boti usiku." Nikamuuliza daktari wa namna gani huyo. Akajibu, "Daktari wa familia."

Niliporudi shuleni nikawauliza wanafunzi wenzangu daktari wa familia ni nani. Jameni, vicheko! Mmoja alisema ni yule wa matajiri wa Nairobi, anayekuja nyumbani na mkoba mweusi kumpima mzee shingo. Mwingine akasema ni daktari wa uzazi wa mpango. Sote tulikosea. Daktari wa familia ni daktari kamili aliyemaliza chuo, kisha akasoma tena miaka mingine kadhaa, lakini badala ya kusomea moyo peke yake au macho peke yake, amesomea mtu. Anamtibu mtoto na babu. Anaweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, anaijua sukari na presha, anajua huzuni inayomfanya mtu asile, na anamfuata mgonjwa mwaka baada ya mwaka. Hapa Kenya somo hili lilianza kufundishwa kwa shahada ya uzamili mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Lina miaka ishirini tu na ushei.

Tena jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, wakati huo ikiwa katika Muungano wa Kisovieti, yakakubaliana kwamba afya ianzie kwa huduma za msingi karibu na watu wanakoishi. Ami alikuwa mtoto mchanga wakati huo.

Basi ukiniuliza, Lamu Mashariki inahitaji daktari wa familia? Nitakujibu kwa kiapo. Lakini je, ana kazi? Hapo ndipo neno la ami linapoanza kuvuja.

Nina mjomba wangu, binamu yake mama, upande wa Pate. Huyu ndiye mtu niliyemuuliza. Amesoma udaktari, amehitimu, ukoo mzima ulichinja mbuzi. Baada ya hapo akangoja. Alingoja kupangiwa hospitali ya kufanyia mwaka wa mafunzo ya kazi, ambao bila huo huwezi kusajiliwa. Akaupata, akaumaliza, akangoja tena kuajiriwa. Sitataja alikongoja wala ofisi alizobisha. Nilipomuuliza kazi ya udaktari inaendeleaje, akacheka akasema, "Mwanangu, nina cheti ukutani na simu isiyolia." Siku hizi anashika zamu za usiku hapa na pale kwa malipo ya siku, kama kuli wa gatini.

Nikadhani labda ni bahati yake mbaya. Kumbe si yeye peke yake. Tarehe 14 Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ule ulidumu siku 56, mpaka tarehe 8 Mei. Moja ya sababu kubwa ilikuwa hawa vijana waliomaliza chuo: mamia yao walikuwa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali. Serikali ikasema haina pesa ya kuwalipa kama mkataba wa 2017 ulivyosema, yaani 206,000 na ushei kwa mwezi. Ikataka kuwapa 70,000. Mimi leo sitaamua nani alikuwa na haki, hilo ni la kamati ya mijadala. Ninachotaka uone ni hiki: wagonjwa wako foleni, madaktari wako nyumbani, na hakuna anayewakutanisha.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Lakini hapa miti ipo, na wajenzi wapo, tena wamekaa chini ya miti hiyo hiyo na misumeno mkononi. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: jengeni, nitalipa.

Mtu huyo ni nani? Zamani alikuwa Wizara ya Afya pale Nairobi. Katiba ya 2010 ikasema huduma za afya ziende kwa kaunti, na tangu 2013 zimekwenda. Kwa hiyo daktari wa Kiunga sasa huajiriwa Lamu, na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, si Nairobi. Hilo ni jema, kwa sababu aliye Lamu angalau anajua Kiunga ni wapi. Ila kaunti yetu ni ndogo. Hesabu ya watu ya 2019 ilitupata watu 143,920 katika Kaunti nzima ya Lamu. Nairobi kuna mitaa yenye watu zaidi ya hao. Na ipo kanuni ya fedha ya mwaka 2015 inayosema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kanuni ni nzuri, isije pesa yote ikaliwa na mishahara na visima visichimbwe. Lakini ikifika zamu ya daktari, kaunti husema mkoba umejaa. Na kweli umejaa. Swali ni umejaa nani! Je, ni wauguzi na madaktari, au ni watu wa kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile? Mimi sijaliona daftari la mishahara, kwa hiyo nauliza tu.

Mtu atasema: basi afungue zahanati yake mwenyewe, awe tajiri. Hapa Kiunga? Msimu wa kaskazi mvuvi ana pesa, atalipa. Ikiingia kusi, miezi ile bahari haivuliki vizuri, atakulipa kwa "tutaonana". Daktari atakula "tutaonana"? Hata bima hii mpya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inamkata mwenye mshahara asilimia 2.75 kila mwezi bila kumuuliza. Mvuvi lazima apimwe uwezo wake na alipe mwenyewe, na wengi wetu hapa hata kujisajili ni safari. Kwa hiyo daktari wa pembeni kama huku ataishi kwa mshahara wa umma au hataishi.

Nilidhani labda ni umaskini wetu Waafrika. Kumbe hata Uingereza, jameni! Kule daktari wa familia ndiye mlango wa hospitali tangu huduma yao ya taifa ianzishwe mwaka 1948. Huwezi kumfikia bingwa bila kupitia kwake, na watu hulalamika kwamba kumpata ni kazi. Lakini mwaka 2024 madaktari wa familia waliomaliza masomo hapo hapo Uingereza walikuwa hawapati ajira, kwa sababu pesa zilizotengwa kwa vituo zilikuwa zimeandikiwa wafanyakazi wa aina nyingine. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali yao ikabidi itoe pauni milioni 82 ili vituo viwaajiri zaidi ya madaktari 1,000 wapya. Niliposoma hayo nikamwendea ami mbio barazani nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao ni Wazungu." Lakini niliona limemwingia.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kuleta wageni. Hiyo tumeshaijaribu. Mwezi wa Juni 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wengi wao madaktari wa familia, wakagawiwa kaunti. Wakati madaktari wetu wengine hawana kazi! Chama cha madaktari kilipiga kelele, na ingawa mimi si mtu wa kelele, hapo naona walikuwa na hoja. Mwezi wa Aprili 2019 wawili kati ya Wacuba wale wakatekwa Mandera wakavushwa mpaka kwenda Somalia. Waliokuwa kaunti za mpakani wakaondolewa. Hebu fikiri, waliletwa kwa ajili ya pembe zisizo na madaktari, na pembe hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kubaki bila wao. Siwalaumu. Hata mimi ningeondoka. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kwamba mpango huo umekwisha.

Katika mapatano yale yale, mwaka 2018 Kenya ilipeleka madaktari wake 50 huko Cuba wakasomee udaktari wa familia. Hapo kidogo nilipiga makofi. Lakini linganisha: 50 kwa kaunti 47, ni kama kugawa tende moja kwa nyumba nzima mwezi wa Ramadhani. Kila mtu ataonja, hakuna atakayefuturu.

Kabla sijafika kwenye maoni yangu, lazima niwe mkweli juu ya jambo moja. Mwalimu wetu mmoja wa sayansi alinipinga vikali nilipomsomea rasimu ya makala haya. Alisema, "Wewe unataka daktari Kiunga. Mshahara wa daktari mmoja waweza kulipa wauguzi kadhaa. Akiugua yeye, au akienda likizo, mmebaki na nini?" Akaongeza kwamba kazi kubwa ya kila siku hapa hufanywa na wauguzi na matabibu waliosomea KMTC, chuo ambacho hata Lamu kina tawi lake. Niliudhika, halafu nikafikiri, nikaona nusu ya maneno yake ni kweli. Muuguzi ndiye aliyekuja mbio usiku ule wa bibi, si daktari. Tangu 2023 wapo pia wahamasishaji wa afya wa jamii wanaopita nyumba hadi nyumba na mikoba yao. Hawa wote wasidharauliwe.

Kwa hiyo mimi siungani na wale wanasiasa wanaosimama uwanjani wakati wa kura na kuahidi daktari kila kijiji. Huo ni uongo, na sisi tunaupigia vigelegele. Kijiji kama Ishakani hakiwezi kumweka daktari wake peke yake, atakaa siku nzima akihesabu nzi. Lakini nusu ya pili ya hoja ya mwalimu siikubali. Muuguzi akifika mwisho wa uwezo wake, baina yake na boti ya usiku hakuna mtu. Hapo katikati ndipo nafasi ya kazi ilipo, na ndiyo kazi ninayoitaka mimi.

Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 inasema kaunti ziunde mitandao: hospitali ya kiwango cha 4 iwe kitovu, zahanati na vituo vya afya viwe matawi yake. Sasa chukua ramani yetu. Kitovu kiwe Faza. Matawi yawe Kiunga, Ishakani, Mkokoni, Kiwayu, Ndau, Kizingitini na wengineo. Pale Faza akae daktari wa familia mmoja, au wawili ili mmoja aweze kuugua na kwenda likizo kama binadamu. Kila mwezi azunguke kwa boti, kwa siku zinazojulikana, zimebandikwa msikitini na shuleni. Siku akiwa Kiunga aone wale wa sukari na presha na akina mama wajawazito ambao muuguzi amewaweka kando, apange dawa zao, aandike katika daftari moja. Siku akiwa hayupo, muuguzi ampigie simu.

Msinambie haiwezekani kwa sababu ya bahari na usalama, manake yupo anayefanya. Safari Doctors, shirika la hapa hapa Lamu lililoanzishwa na Bi. Umra Omar, linafika vijijini kwetu kwa boti na madaktari na wauguzi, na mwaka 2016 Bi. Umra alitajwa na CNN miongoni mwa mashujaa wao kumi wa mwaka ule. Mimi mwenyewe nimeiona boti ikitia nanga na watu wakijipanga ufukweni. Lakini shirika huishi kwa michango, na mchango ni kama upepo, huvuma na hukata. Kilichothibitishwa na michango kinafaa sasa kiandikwe katika bajeti.

Na nani atakubali kukaa Faza na kupigwa na mawimbi? Hili ndilo swali la mwisho la mwalimu, na hapa nina jibu ambalo najivunia nalo kidogo. Ujapani nao wana visiwa na milima isiyopendwa na madaktari. Mwaka 1972 mikoa yao yote iliungana kuanzisha chuo kimoja cha udaktari, kinaitwa Jichi. Kila mkoa huchagua vijana wake wawili au watatu kila mwaka, huwakopesha karo yote, na kijana akirudi kufanya kazi mahali mkoa utakapompanga, hasa vijijini, kwa muda ambao kawaida ni miaka tisa, deni linafutwa. Akikataa, alipe. Unajua mikoa ya Ujapani ni mingapi? 47. Na kaunti za Kenya je? Hesabu mwenyewe!

Sisi hatuna haja ya kujenga chuo, vyuo vipo. Tunachohitaji ni mkataba. Kaunti ya Lamu ichague kila mwaka vijana wawili, mmoja Lamu Mashariki na mmoja Lamu Magharibi, iwalipie udaktari, na siku hiyo hiyo ya kutia saini ijiandikishe nayo kwamba nafasi ya kazi itakuwapo, na nyumba, na petroli ya boti. Mkataba wa upande mmoja hautufai. Kumfunga kijana miaka tisa halafu umrudishie "mkoba umejaa" ni dhuluma. Tena wachaguliwe waliokulia huku. Kijana aliyezoea lifti atakaa mwezi mmoja aombe uhamisho. Sisi kusi tunakujua kwa jina, na Kitikuu cha bibi tunakielewa bila mkalimani. Wasichana nao wafikiriwe, kwa sababu wapo akina mama hapa wanaorudi nyumbani na maradhi yao kwa haya ya kumwonyesha mwanamume.

Najua mtu wa hesabu atasema vijana wawili kwa mwaka ni wachache. Lakini udaktari ni miaka sita, kisha mwaka wa mafunzo ya kazi, kisha miaka minne ya udaktari wa familia. Atakayeanza mwaka ujao nitakuwa na umri wa kuitwa shangazi atakaporudi. Kila mwaka tunaongoja, bibi za watu wanamimina mifuko ya plastiki juu ya vitanda.

Nilimweleza ami haya yote jioni moja, taratibu, kama alivyonifundisha kufungua fundo la kamba. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama mjomba wa Pate bado anangoja. Nikamwambia bado. La pili, kama mimi nimeghairi. Nikamwambia sijaghairi, nataka ile ile, ila mashine asiiuze. Kama ni lazima mtu auze kitu ili Lamu ipate daktari, aanze mwenye bajeti.

Hakujibu. Lakini juzi zimekuja habari kwamba kutakuwa na kikao cha kupokea maoni ya wananchi juu ya bajeti ya kaunti, na baba amesema atakwenda. Nimemwandikia swali langu kwenye karatasi ya daftari la Kemia, kwa herufi kubwa ili asome bila miwani: "Katika bajeti hii, daktari wa familia wa Lamu Mashariki ameandikwa ukurasa gani?" Ami aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati lake mwenyewe. Sasa anasema watakwenda wote wawili.